Namba Zina Tabia Zake

Msikilizaji, kama una kalamu karibu, andika hesabu hii ndogo: 10 toa 3 jumlisha 2. Simu iache mezani. Ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, lakini ukiitupa kwenye kundi lolote la WhatsApp la watu wazima itazua ubishi. Wapo watakaosema jibu ni 9. Wapo watakaosema ni 5, na hawa wa 5 ndio wenye sauti kubwa, maana wana kanuni mkononi. Watakuambia: MAGAZIJUTO! Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Kujumlisha kumetangulia kutoa, kwa hiyo 3 jumlisha 2 ni 5, kisha 10 toa 5 ni 5. Ndivyo tulivyofundishwa.

Jibu ni 9. Na aliyepata 5 hakukosea kukariri. Amekariri sawasawa, silabi kwa silabi. Kanuni ndiyo iliyomponza, kwa sababu alipewa kanuni bila kuonyeshwa tabia ya namba iliyoizaa.

Tuitazame tabia hiyo. Kujumlisha ni kazi isiyo na makuu. 3 jumlisha 8 ni 11, na 8 jumlisha 3 ni 11. Zikiwa namba tatu au nne, anza na zozote, malizia na zozote, jumla haibadiliki. Kuzidisha nako ni hivyo hivyo: safu 4 zenye miche 6 kila moja na safu 6 zenye miche 4 zinatoa miche 24. Kutoa hakuna upole huo. 10 toa 3 na 3 toa 10 ni mambo mawili tofauti kabisa. Kugawanya pia: 12 kwa 3 ni 4, ila 3 kwa 12 ni robo.

Sasa, katika ile hesabu yetu, alama ya kutoa ni ya nani? Ni ya 3 peke yake. Kilichoondolewa ni 3. Ile 2 imekuja kuongezwa. Anayeanza na 3 jumlisha 2 ameibeba ile 2 na kuiweka upande wa vitu vinavyoondolewa, na hakuna aliyemruhusu. Ukiandika hesabu hiyo kama jumla ya namba tatu, yaani 10, hasi 3 na chanya 2, utaweza kuzipanga unavyotaka: chanya 2 kwanza, hasi 3 kwanza, vyovyote. Jibu litabaki 9, kwa sababu sasa kazi nzima imekuwa ya kujumlisha, na kujumlisha hakujali nani ametangulia.

Hapa kuna jambo dogo linalonifurahisha, ingawa si wengi hulitaja. Upande wa GAZI katika kifupisho chetu hauna hatari. Ukigawanya kabla ya kuzidisha, kama kanuni inavyosema, hutapotea: 18 kwa 3 mara 2 ni 12, na 5 mara 12 kwa 4 ni 15. Hatari iko kwenye JUTO. Kama waliotunga wangeandika MAGAZITOJU, kutoa kwanza kisha kujumlisha, mtoto anayefuata herufi bila kufikiri angepata majibu sahihi: 10 toa 3 ni 7, jumlisha 2 ni 9. Kifupisho cha BODMAS, ambacho wenzetu wa Kenya wanakitumia kwa Kiingereza, kina kasoro ile ile, nacho kimetanguliza kujumlisha. Walimu wazuri huwa wanasahihisha: kuzidisha na kugawanya ni ngazi moja, kujumlisha na kutoa ni ngazi moja, na katika ngazi moja unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini sahihisho hilo halimo ndani ya kifupisho, na kifupisho ndicho kinachobaki kichwani miaka 20 baadaye.

Nimetaja hasi 3 kana kwamba ni kitu cha kawaida. Haikuwa hivyo siku zote. Watoto wetu huanza na namba za kuhesabia, 1, 2, 3 na kuendelea. Wakiongeza sifuri wanazipata namba nzima. Wakiongeza zile za upande wa pili wa sifuri, hasi 1, hasi 2, wanafika kwenye namba kamili. Darasani safari hiyo inachukua miaka michache. Binadamu kwa jumla ilimchukua karne nyingi. Mwaka 628 mtaalamu wa India aliyeitwa Brahmagupta aliandika kanuni za kufanya hesabu kwa sifuri na kwa namba hasi, na namba chanya akaziita mali, hasi akaziita madeni. Deni jumlisha deni ni deni. Mali ukiitoa kwenye sifuri inakuwa deni. Mwenye duka yeyote aliyewahi kukopesha hadi mwisho wa mwezi anaelewa mara moja.

Ila Brahmagupta naye alijikwaa. Alisema sifuri gawanya kwa sifuri ni sifuri, na hapo wanahisabati wa leo hawamfuati. Sababu yake inafaa mtoto aambiwe, badala ya kuambiwa tu kwamba haiwezekani. Kugawanya ni kuuliza swali la kuzidisha kwa kurudi nyuma. 12 kwa 4 ni kuuliza: ngapi mara 4 inaleta 12? Jibu 3. Haya, 12 kwa sifuri: ngapi mara sifuri inaleta 12? Hakuna. Na sifuri kwa sifuri: ngapi mara sifuri inaleta sifuri? Zote! 1 inafaa, 7 inafaa, milioni inafaa. Swali la kwanza halina jibu, la pili lina majibu bila kikomo, na kwa hisabati yote mawili ni balaa. Ndiyo maana kikokotoo kinagoma.

Na sifuri ni shufwa au witiri? Wengi husita. Namba shufwa ni ile inayogawanyika kwa 2 bila kubaki kitu. Sifuri kwa 2 ni sifuri, hakuna kilichobaki. Basi ni shufwa, na imekaa mahali pake kati ya hasi 1 na 1, witiri mbili. Hakuna haja ya kuionea huruma wala kuitungia kundi lake.

Tutoke darasani kidogo, twende dukani. Umenunua vitu vya shilingi 6,350, umetoa noti ya 10,000. Muuza duka wa mtaani hachukui kalamu akaandika 10,000 toa 6,350 na kuanza kukopa moja huku na huku kwenye sifuri. Anaweka hamsini kwenye mkono wako: “Elfu sita na mia nne.” Anaongeza mia tano na mia moja: “Elfu saba.” Anamalizia na elfu tatu: “Kumi.” Umepata chenji yako, 3,650, na yeye hajatoa hata mara moja, amejumlisha tu. Anajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba kutoa ni kutafuta kinachokosekana ili jumla itimie.

Mwulize huyo huyo bei ya daftari 12, moja shilingi 950. Utamwona ametazama juu kidogo, kisha: “Elfu kumi na moja mia nne.” Amefanyaje? Amejifanya daftari ni elfu moja, ikawa 12,000. Kila daftari ameliongezea hamsini, hamsini mara 12 ni 600, ameirudisha. Vitabu vya hisabati vinalipa jambo hili jina zito, lakini maana yake ni hii: ukizidisha jumla au tofauti kwa namba fulani, kila kipande ndani yake kinazidishwa kwa namba hiyo. Kati ya tabia zote za namba, kama ningeambiwa nichague moja ya kumfundisha mtoto akaishika hadi kufa, ningechagua hii. Nusu ya aljebra ya sekondari imejengwa juu yake, na muuza duka anaitumia kutwa.

Nikupe ushahidi wa nguvu yake, na hapa naomba waweka hazina wa vikoba wasogee karibu na redio. Ni mwisho wa mwezi, daftari linasema 453,000, kisanduku kina 435,000. Zimepungua 18,000. Wanachama wameanza kutazamana. Kabla hujamshuku mtu, gawanya hiyo tofauti kwa 9. 18,000 kwa 9 ni 2,000, haikubaki kitu. Basi kuna uwezekano mkubwa hakuna mwizi. Kuna mtu ameandika tarakimu mbili kwa kuzipindua, 53 badala ya 35. Wahasibu wanaijua mbinu hii tangu zamani. Na jibu lenyewe, 2,000, linakuonyesha pa kutafuta: tarakimu za elfu na makumi elfu, mbili zinazopishana kwa 2. Hizo hapo, 5 na 3.

Kwa nini 9, si 7 wala 11? Tujaribu na namba ndogo. 53 toa 35 ni 18. 82 toa 28 ni 54. 91 toa 19 ni 72. Zote zinagawanyika kwa 9. Unaweza kujaribu jozi hadi kukuche, na bado mtu mkaidi atakuuliza: una uhakika gani kuhusu jozi ambayo hujaijaribu? Hapo ndipo herufi zinapoingia, na ndiyo sababu hasa ya aljebra kuwepo. Tarakimu ya makumi iite a, ya mamoja iite b. Namba yako ni makumi a na b, yaani 10a jumlisha b. Ukiipindua inakuwa 10b jumlisha a. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Kutoka kwa a kumi unaondoa a moja, zinabaki 9a. Kwa upande wa b, ulikuwa na moja, umeondoa kumi, umebaki na hasi 9b. Kwa hiyo tofauti ni 9a toa 9b, ambayo ni 9 mara tofauti ya a na b. Imekwisha. Kwa mistari minne tumezungumzia jozi zote kwa pamoja, za leo na za mwaka kesho.

Tahadhari kwa mweka hazina: tofauti inayogawanyika kwa 9 ni dalili, si hati ya kuachiwa huru. Mwizi naye anaweza kuchukua 18,000.

Watu husema hesabu haisemeki redioni, mpaka uione ubaoni. Nawajibu kwa kumtaja Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Kitabu chake kilichoipa aljebra jina, kilichoandikwa Baghdad kwenye karne ya 9, hakina a, hakina b, hakina x. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno, na kisichojulikana kikiitwa kwa neno la kawaida tu, kama tunavyosema “kitu”. Sehemu kubwa ya kitabu inahusu mirathi: marehemu ameacha mke, watoto kadhaa na wasia, nani apate kiasi gani. Sehemu za theluthi, sudusi na thumuni, ambazo kadhi wa Zanzibar au Mombasa anazigawa leo, ndizo zilizokuwa mezani pake. Herufi zimekuja baadaye sana. Alama ya sawasawa, vile vistari viwili, ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1557 na Robert Recorde wa Wales, aliyechoka kuandika maneno yale yale kila mara.

Na vistari hivyo viwili vina kisa chao madarasani kwetu. Watoto wengi wanavisoma kama “jibu ni”. Ndiyo maana utakuta mtoto ameandika 5 jumlisha 3 sawa na 8 mara 2 sawa na 16, mstari mmoja, bila haya. Lakini 5 jumlisha 3 si sawa na 16! Alama hiyo inasema upande huu na upande ule ni thamani moja. Asiyeelewa hivyo, akifika kwenye mlinganyo kama x toa 7 sawa na 15, atasubiri aambiwe “hamisha 7 upande wa pili, alama inageuka”. Inageuka kwa nini? Kwa mazingaombwe gani? Hakuna kilichohama. Umejumlisha 7 pande zote mbili. Kushoto hasi 7 na chanya 7 zimefutana, kulia 15 imekuwa 22.

Nina ugomvi mwingine, na huu ni na sisi tunaofundisha watoto nyumbani. Mtoto anaulizwa arahisishe 3a jumlisha 2b jumlisha 5a. Tunamwambia: a ni embe, b ni ndizi, embe tatu na embe tano ni embe nane, ndizi hazichanganyiki na embe. Anapata 8a jumlisha 2b, tunapiga makofi. Tumemdanganya. Herufi si tunda, ni namba. Wiki ijayo ataulizwa 3a mara 2b, na sijui embe mara ndizi inazaa nini. Kama lazima utumie matunda, sema a ni bei ya embe moja. Embe likiwa shilingi 500 na ndizi 200, basi 3a jumlisha 2b ni 1,500 na 400, jumla 1,900. Yule anayeandika kwamba 3a jumlisha 2b ni 5ab, mwambie aweke bei hizo hizo: 5 mara 500 mara 200 ni shilingi 500,000, kwa embe tatu na ndizi mbili. Hatarudia.

Siwezi kuondoka bila kugusa namba tasa, zisizo na kigawo kingine ila 1 na zenyewe. Namna ya kuzipata tuliyo nayo ni ya zaidi ya miaka 2,200, na mwenye namna hiyo alizaliwa barani kwetu, Cyrene, ambayo leo iko Libya. Eratosthenes, aliyesimamia maktaba ya Aleksandria kule Misri, alitumia chekeche. Andika namba 2 hadi 100. Acha 2, futa vigawe vyake vingine vyote. Acha 3, futa vigawe vyake. Kisha 5, kisha 7. Simama hapo. Zilizobaki ni 25, zote tasa. Kwa nini hatuendelei na 11? Kwa sababu namba isiyozidi 100 ikigawanyika katika vigawo viwili, haiwezekani vyote viwili vizidi 10. Kimoja lazima kiwe kidogo, na vidogo tumeshavimaliza.

Mbona tumeanza na 2, si 1? Kwa makubaliano yenye sababu. 60 ina vigawo tasa 2, 2, 3 na 5, na hakuna seti nyingine. Ukiiruhusu 1, utaweza kuandika 1 mara 60, 1 mara 1 mara 60, hadi uchoke, na upekee huo utavurugika. Makubaliano hayo si ya kale kama tunavyodhani: mwaka 1914 D. N. Lehmer wa Marekani alichapisha orodha ndefu ya namba tasa, na ya kwanza kwenye orodha yake ilikuwa 1.

Wapo wanaoamini namba tasa zilijulikana zamani zaidi ya Eratosthenes, kwa sababu ya mfupa uliochimbuliwa Ishango, mashariki ya Congo, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Aliyeupata mwaka 1950 ni Jean de Heinzelin wa Ubelgiji, na sasa uko Brussels. Unakadiriwa kuwa na miaka kama 20,000. Una alama za kukatwa katika safu tatu, na safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19: namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, kwa mpangilio. De Heinzelin mwenyewe alidokeza kwamba huenda aliyechonga alizijua namba tasa, na wengi wetu kwa fahari ya Afrika tumelidaka hilo kama jambo lililothibitishwa. Mimi ninasita. Kuitambua namba tasa kunahitaji kwanza kujua kugawanya, na mfupa hauonyeshi kugawanya kokote. Kinachoonekana ni mtu aliyehesabu kwa makini: safu hiyo ina alama 60, na safu nyingine, yenye 11, 21, 19 na 9, nayo ina 60. Hilo peke yake ni la kustaajabisha, halihitaji kuongezewa chumvi.

Mwisho, neno kwa mzazi wa Tanzania Bara mwenye mtoto anayejiandaa kwa kidato cha kwanza Januari. Ataacha kusema shufwa, tasa, kigawo na mlinganyo. Atakutana na majina mengine kwa Kiingereza, na wengi mtakimbilia kumtafutia orodha ya maneno akariri. Kabla ya orodha, mpe namba mbili, 51 na 91, umwambie akueleze kwa Kiswahili kama ni tasa au si tasa, na amejuaje. Ya kwanza ni 3 mara 17, ya pili ni 7 mara 13. Akikupa majibu bila sababu, usimsifu bado. Mwambie akae, aanze tena, na wewe kaa naye.